Cherehani ya Masaka

Oktoba nyumbani kwetu ulikuwa mwezi wa rozari. Kila jioni, mbuzi wakishafungwa na moto ukishafunikwa majivu, Bibi aliketi mbele kwenye mkeka, nasi tukapiga magoti nyuma yake: Baba, Mama, kaka yangu mkubwa, dada zangu wawili, na mimi niliyekuwa na miaka 11. Kijiji chetu kiko Kanyigo, katika Kiziba, kusini ya Mto Kagera, mahali ambapo migomba imesongamana hata unamsikia jirani kabla hujamwona. Tarehe 30 Oktoba 1978 ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo tulikuwa tukisali matendo ya furaha. Katekista aliingia bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akabaki amesimama mlangoni huku sisi tumepiga magoti, akasema, "Wamevuka mpaka."

Bibi hakugeuka. Alimalizia Salamu Maria aliyokuwa ameianza, kisha akauliza, "Na mwanangu?"

Mwanawe, shangazi yetu, alikuwa ameolewa Masaka, Uganda. Usiku ule kijiji kizima kiliulizana askari wa Idi Amin wa Uganda wamefika wapi na wana silaha gani. Bibi peke yake aliuliza habari za mtu aliye upande wa pili. Nilikuwa mdogo, lakini niliona Baba alivyomtazama, kama mtu aliyesikia neno lisilofaa kusemwa mbele ya watoto.

Kwa mtoto wa Kiziba, Uganda haikuwa nchi ya kigeni. Ilikuwa kwa shangazi. Lugha yetu na Luganda ni ndugu, na mtu wa Kanyigo akifika Masaka hamalizi wiki kabla hajaelewana na wauza ndizi sokoni. Mpaka wenyewe ni mstari ulionyooka, uliochorwa kwenye ramani na Wajerumani na Waingereza, digrii 1 kusini ya Ikweta, ukakata mashamba na koo bila kuuliza nani ni nani. Amin alitaka mpaka uwe mto. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Kagera imekuwa ya Uganda, na tarehe 3 askari wake wakalivunja daraja la Kyaka.

Hapa ni lazima niseme habari ambayo padri wetu alipenda kuikumbusha. Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki pale Mengo. Wote walijiita Wakristo. Wakatoliki walishindwa, na Askofu Hirth wa Mapadri Weupe akakimbilia kusini pamoja na waumini wake. Mwaka huohuo ikaanzishwa misheni ya Kashozi, na kutoka hapo Kanisa likaenea katika Buhaya, nchi yetu. Kwa hiyo Injili ilitufikia mikononi mwa wakimbizi wa vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya Wakristo kwa Wakristo. Nikiwa mtoto niliisikia habari hiyo kama hadithi ya ushujaa. Leo naisikia kama deni.

Kufikia Jumatano, sikukuu ya Watakatifu Wote, uwanja wetu ulikuwa umejaa watu waliokimbia kutoka kaskazini ya Kagera. Walivuka mto usiku kwa mitumbwi, wakapita kwenye mafunjo, wengine wakiwa na maji hadi kifuani. Kwetu walilala watu tisa. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja kutoka Minziro na watoto wake wawili, ambaye tulimwita Mama wa Minziro na kwa jina hilo tulimjua hata mwisho. Alifika ameshika jembe. Alikuwa shambani aliposikia risasi, akakimbia nalo, na hakujua kwa nini hakulitupa njiani. Mumewe alirudi nyuma kufungua ng'ombe. Hawakumwona tena.

Novemba ni msimu wa senene. Walikuja kama kawaida yao, wakalijaza anga alfajiri, wakatua kwenye nyasi za rweya, yaani mbuga za wazi, na sisi watoto tukawakimbilia na vibuyu vyetu kama kwamba hakuna vita. Mila yetu ya zamani ilisema mwanamke hukamata senene lakini hawali. Ni chakula cha wanaume. Mwaka ule Mama aliwakaanga wote, akawamimina kwenye ungo mmoja, akamwekea Mama wa Minziro na watoto wake. Baba alikuwa ameketi palepale. Alitazama pembeni akaacha wale. Nimesoma na kusikia mengi juu ya ukarimu wa Kikristo tangu siku hiyo, na bado huo ungo ndio ninaoukumbuka.

Tarehe 2 ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Asubuhi tulikwenda makaburini na padri, akanyunyiza maji ya baraka juu ya migomba na juu ya misalaba ya mbao. Jioni Mwalimu Nyerere akazungumza redioni. Redio ilikuwa moja tu, ya balozi wa nyumba kumi, na watu walijaa mpaka barabarani. Kila Mtanzania wa rika langu anakumbuka hoja zake tatu, uwezo, sababu na nia. Watu walishangilia. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka 20 na alikuwa mgambo, hakushangilia. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Siku ya nne akaondoka na wenzake kwa lori kuelekea Kyaka. Mama alimfunga rozari shingoni chini ya shati.

Tuliendelea kusali jioni, sasa watu kumi na tano katika chumba cha watu saba. Katika rozari Baba Yetu husaliwa mara sita. Mama wa Minziro alikuwa na sauti nzuri, nzito, na alisali kwa nguvu kuliko wote. Lakini kila tulipofika mahali pale pa kuomba tusamehewe kama sisi tunavyosamehe, sauti yake ilikatika. Hakunong'ona. Alifunga mdomo kabisa, akaangalia ukuta, akangoja, kisha akajiunga nasi mbele ya safari. Nilikaa nyuma yake na nilihesabu. Mara sita kila jioni.

Bibi naye alikuwa ameongeza nia ya sala. Baada ya kumwombea kaka na vijana wetu wote, aliwaombea watu wa Uganda, na baada yao askari wa Amin ambao mama zao wanawangoja. Jioni moja, majeshi yetu yakiwa yameshavuka mto na habari za maiti zilizokutwa vijijini zimeshafika kwetu, Mama wa Minziro alinyanyuka katikati ya sala akatoka nje. Baba akasema kwa ukali, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mama yake, "Mama, tunamwombea nani hapa?"

Bibi akajibu, "Simwombei Amin ashinde. Namwomba Mungu amzuie asizidi kuua na asizidi kujiharibu."

Kisha akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni kwa udadisi wa kitoto, na ndiyo maana nilisikia alichosema gizani. Hakumhubiria yule mama. Hakumwambia kwamba atakuwa mwenye dhambi asiposamehe. Alimwambia, "Usiposema wewe, sisi tutasema kwa niaba yako mpaka utakapoweza." Wakakaa nje muda mrefu. Waliporudi, tulikuwa tumelala.

Sijawahi kuamini kwamba Tanzania ilikosea kujilinda. Watu waliuawa mashambani mwao, ng'ombe wakaswagwa, mabati yakang'olewa juu ya nyumba. Na Waganda wenyewe walikuwa wameteseka kabla yetu: Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa Februari 1977, baada ya maaskofu kumwandikia Amin kulalamikia mauaji na uonevu. Mkristo anayeona haya na kusema amani ni kukaa kimya, amechanganya amani na woga. Hilo nalisema bila kusita.

Ila vita ya haki haiwatakasi wanaoipigana. Januari 1979 majeshi yetu yaliiteka Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, na mji ukasawazishwa kwa tingatinga. Inaelezwa kwamba Mwalimu alihuzunika, akaamuru raia wa Uganda na mali zao visiguswe. Mwezi uliofuata ikafika zamu ya Masaka, na majengo mengi ya mji ule yakalipuliwa, kulipiza kisasi cha Kagera. Sisi Kanyigo tulipata habari hiyo kama ushindi. Watu walicheza. Bibi hakuuliza tena habari za mwanawe. Alikuwa anatandika mkeka mapema kuliko kawaida, anatungoja.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu tarehe 11 Aprili 1979, Jumatano ya Juma Kuu, na Jumapili yake tukaimba aleluya ambayo nusu ilikuwa ya Ufufuko na nusu ya vita. Kisha vita ikaisha tarehe 3 Juni, majeshi yalipofika mpaka wa Sudan. Siku ile ilikuwa Pentekoste. Ilikuwa pia sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, kumbukumbu ya vijana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, watakatifu ambao babu zetu walibatizwa kwa majina yao. Mizinga ilinyamaza siku ambayo sisi na Waganda tunaheshimu mashahidi walewale.

Kaka alirudi Agosti. Alikuwa mzima wa mwili, amekonda, na alikuwa na cherehani.

Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi yenye maua ya rangi ya dhahabu, ndani ya sanduku lake la mbao. Alisema ameitoa Masaka. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemwuliza, maana wengi walirudi na kitu: redio, saa, godoro. Mama alifurahi sana, na simlaumu. Dukani kwa miezi mingi hapakuwa na sabuni wala chumvi wala kitambaa, sembuse cherehani. Alijifunza kushona kwa wiki mbili, akaanza kuwashonea watu, na senti zake zilinunua madaftari yangu. Krismasi alimshonea Bibi gauni. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalikunja, akaliweka kwenye sanduku la bati. Alikwenda misa ya usiku na gauni lake la zamani lenye kiraka begani.

Shangazi alikuja baada ya mwaka mpya wa 1980. Alikuwa hai. Nyumba yake ilikuwa imepasuka upande mmoja, na mumewe alikuwa amevunjika mguu, lakini walikuwa hai. Mama na Bibi walilia kwa sauti hadi majirani wakaja. Baadaye, alipokuwa akinywa uji, macho yake yakatua kwenye cherehani. Hakusema kitu. Alikwenda, akaizungusha mara moja kwa mkono, akafungua kile kijisanduku kidogo cha pembeni cha kuwekea sindano. Sisi tulikuwa tumekiona siku zote, tukadhani ni pambo. Ndani mlikuwa na bobini tatu, kipande cha chaki, na karatasi iliyokunjwa. Akaikunjua. Ilikuwa orodha ya vipimo: mabega, kiuno, urefu wa sketi, kwa Luganda, na pembeni yake majina ya watoto, kila mmoja na darasa lake. Zilikuwa sare za shule.

Kaka alisimama mlangoni. Alisema, "Kila mtu alichukua."

Shangazi akamtazama kwa upole ambao hadi leo unanishangaza. "Najua, mwanangu. Sisi ndio tuliochukuliwa."

Jumapili chache baadaye padri alihubiri juu ya Waraka kwa Waebrania, mahali mwandishi anapowataka Wakristo wawe na amani na watu wote. Kwa bahati alikuwa mtu wa vitabu. Alituambia kwamba neno la Kigiriki lililotumika pale ni la mtu anayekimbiza kitu kinachomtoroka, na kwamba ndilo neno hilohilo linalotumika kwa Saulo alipokuwa akiwawinda Wakristo. Akasema Saulo aliwafuata wenzake mpaka Damasko ili awafunge, na sisi tunaambiwa tuifuate amani kwa miguu ileile. Sijui kama alijua habari za cherehani. Kijiji ni kidogo. Baba aliporudi nyumbani hakula. Alisema tu, "Likizo ya Agosti tunakwenda Masaka."

Tulikwenda watatu: Baba, kaka na mimi, kwa lori la mfanyabiashara wa ndizi. Pale Kyaka nililiona kanisa la kilimani limebaki kuta, makombora yameliondoa paa lote. Baba alivua kofia. Saa chache baadaye tuliipita Mutukula, nikaona kwamba hata kuta hazikuwapo. Baba hakuwa na kofia ya kuvua tena. Alikuwa ameishika mkononi tangu Kyaka.

Masaka ilikuwa na majumba ya ghorofa yaliyochanwa katikati kama mkate. Miti midogo ilikuwa imeota ndani ya maduka. Kaka alitembea mbele yetu, akasimama kwenye njia panda, akageuka kushoto, akarudi, akageuka kulia. Alikuwa anatafuta duka. Mtaa wenyewe haukuwapo tena. Nilimwona akiwa na sanduku kichwani katikati ya vifusi, mtu wa miaka 22 aliyekuwa hodari kuliko wote kijijini, akizunguka kama mtoto aliyepotea sokoni. Wapita njia walitusalimu. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi, ingawa lafudhi yetu ilituumbua.

Mwishowe tukapanda Kitovu, kwenye misheni. Padri mzee wa Kiganda alitupokea barazani. Baba alitaka kuanza kueleza, kaka akamzuia kwa mkono. Akatua sanduku chini, akapiga magoti kando yake, akasema, "Niliichukua mimi." Akampa ile karatasi ya vipimo.

Padri aliisoma taratibu, jina baada ya jina. Hakuwajua. Akasema kinamama wa parokia wanashona sare za yatima, na cherehani itakaa nao mpaka mwenyewe au ndugu zake watakapojitokeza, na karatasi itabaki ndani yake. Kisha akamwinua kaka, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamgeukia Baba. "Na nyinyi, kwenu mlipoteza nini?"

Baba hakutegemea swali hilo. Alikuja kulipa, hakuja kudai. Alianza kueleza habari za Minziro, za mume aliyerudi kufungua ng'ombe, za watoto waliovuka mto usiku, na sauti ikamkatika. Yule padri akasema, "Basi na sisi tunadaiwa." Alisema hivyo tu. Akaagiza kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ile tunayompa mgeni kwetu, akatoa punje, akala yeye kwanza, akampa Baba, akampa kaka, akanipa na mimi. Babu zetu pande zote mbili walikuwa wakila punje za kahawa walipofanya undugu wa damu. Sidhani kuna mtu pale barazani aliyehitaji kuelezwa.

Njiani kaka alilala usingizi mzito juu ya matandiko ya lori, kwa mara ya kwanza tangu arudi vitani bila kupiga kelele ndotoni.

Ningependa kuandika kwamba Mama wa Minziro naye alipata alichostahili. Alikuwa amesharudi kwao tangu katikati ya 1979. Baba alikwenda kumpa habari za Kitovu na maneno ya padri. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ng'ombe wangu watarudishwa lini? Na mwenye ng'ombe?" Baba hakuwa na jibu, na alipotusimulia hakujaribu kulitengeneza.

Bibi alifariki mwaka 1986. Shangazi alitoka Masaka, Mama wa Minziro akatoka Minziro, wakakutana matangani kwetu kwa mara ya kwanza. Walikaa mkeka mmoja wakimenya ndizi, mikono imejaa utomvu, wakizungumza juu ya mvua na juu ya ugonjwa mpya uliokuwa umeanza kutumalizia vijana. Usiku tulisali rozari. Nilikuwa mtu mzima sasa, lakini nilijikuta nimekaa nyuma yao, nikisikiliza. Tulipofika mahali pale, Mama wa Minziro alinyamaza kama zamani. Shangazi, aliyekuwa bega kwa bega naye, hakujua lolote juu ya yale maneno ya gizani mwaka 1978. Alipandisha sauti tu, akasali kwa sauti ya watu wawili. Mara sita.

Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta maiti kutoka Rwanda, mchana na usiku, hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wetu wakawa wanazika watu wasiowajua. Wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Misheni ya kwanza ya Wakatoliki huko, Save, ilianzishwa mwaka 1900 na Askofu Hirth yuleyule wa Kashozi. Nilisimama ukingoni siku moja tu. Sikurudi.

Namugongo sasa nakwenda karibu kila mwaka. Mahujaji wa kwetu huvuka Mutukula na kupita Masaka, wengine kwa miguu, na wenyeji wa njiani hututolea maji. Kitovu niliambiwa kwamba hakuna aliyejitokeza kuidai ile cherehani, na kwamba ilishona sare mpaka ikachakaa.

Najua hatukuwa sisi peke yetu. Katika nyumba za Kagera, na za ng'ambo pia, bado kuna redio, saa, sahani na mabati ya mwaka ule, na waliovileta sasa ni wazee. Kama kwako kipo kitu cha namna hiyo, msaidie mzee wako akirudishe akiwa bado na nguvu ya kusafiri. Mwenyewe asipojulikana, kipeleke parokiani kwao, na useme kilivyofika kwako.